Je, Kula kwa Furaha ni Dhambi? Neno juu ya Meza ya Siku ya Posho



Swali tunaloleta mbele yenu lilianza kama shauri dogo la parokia. Katika mwaka wa 2023 ndugu wengine walikuja kwetu sisi mashemasi wakinung'unika juu ya jamaa moja ya hapa Bukavu. Walisema: mume huyu na mke wake wanakwenda restora kila siku ya posho, tena si kwa harusi, si kwa mgeni, si kwa kazi, wanakwenda kula tu. Wakaomba baraza liwakemee. Majina ya jamaa hiyo hatutayaandika, maana wenye kujua wanajua, na wasiojua hawapotezi kitu. Itoshe kusema kwamba mume ni muuguzi anayefanya kazi za usiku, na mke anauza vitenge Kadutu. Wana watoto watatu, shule inalipwa, na sadaka yao haikosi.

Lakini wanapenda kula, hilo hawalifichi. Siku ya posho, saa za jioni, wanavaa vizuri, wanashika njia. Leo watakuwa Nguba, juma linalofuata Nyawera, lingine Essence pale moshi wa brosheti unapojaza barabara. Mara moja walivuka Ruzizi mpaka Kamembe kwa ajili ya mbuzi wa kuchoma waliyesifiwa. Mara nyingine walipanda mashua kwenda Idjwi, na waliporudi habari yote ilikuwa nanasi. Tena mke ana daftari. Ndani yake anaandika: mahali fulani sambaza ni kavu vizuri lakini chumvi imezidi; mahali fulani sombe imepondwa kwa haraka; mahali fulani pilipili inafunika ladha ya samaki. Daftari hilo ndilo lililowakasirisha watu kuliko yote. Mzee mmoja alituambia kwamba mtu anayeandika kitabu cha sahani amekwisha kufanya tumbo kuwa mungu wake.

Basi tulitumwa kuwaonya. Tulikuwa wawili. Tuliwakuta nyumbani wakatupokea kwa heshima, tukasema neno letu kwa upole, nao wakasikiliza mpaka mwisho. Halafu mume akasema: «Papa Shemasi, tumesikia. Lakini mnahukumu jambo msilolijua. Siku ya posho inayokuja twendeni pamoja, muone tunafanya nini huko. Mkiona dhambi mtatuambia palepale.»

Hatukuwa na jibu la kukataa. Tukaenda.

Kabla ya kueleza tuliyoyaona, inafaa tuseme kidogo juu ya jina la siku hiyo. Sisi wa Kongo tunasema siku ya posho na hatufikiri tena neno linatoka wapi. Posho ilikuwa chakula cha juma zima ambacho makampuni na mashamba ya wakoloni yaliwapimia wafanyakazi: unga, maharagi, chumvi, mafuta ya mawese, samaki wakavu. Mtu alisimama kwenye mstari na mfuko wake, akapimiwa, akaenda. Hakuulizwa anapenda nini. Baba zetu walipewa chakula kama vile lori linavyotiwa mafuta, ili kazi iendelee. Na katika mji huu, wakati ulipoitwa Costermansville, mtu mweusi aliingia katika restora kwa mlango wa jikoni. Alipika, alibeba sahani, aliosha vyombo, na kilichobaki alikula kwa kusimama. Jioni alirudi katika kitongoji cha watu weusi, Kadutu. Wengi wetu tumezaliwa na watu wa mlango ule wa jikoni. Kwa hiyo tunaposikia mtu anasema kwamba kuketi restora ni «kujifanya mzungu», tunaelewa maumivu yanatoka wapi, lakini hatukubali neno lenyewe. Kuketi kwenye kiti si mali ya mzungu. Hata jina «restaurant», huko Paris katika karne ya 18, lilikuwa kwanza jina la mchuzi wa nyama wa kumrudishia nguvu mtu aliyechoka, na baadaye likawa jina la nyumba inayouza mchuzi huo. Muuguzi anayetoka katika kazi ya usiku anaelewa maana hiyo kuliko sisi.

Wengine wanasema pia kwamba hicho ni chakula cha kigeni. Hapa tuliona kichekesho kidogo. Muhogo wetu tunaousifu kama chakula cha wazee ulitoka Amerika ya Kusini kwa mashua za Wareno. Mahindi na maharagi nayo yalitoka ng'ambo hiyohiyo ya bahari. Na sambaza wenyewe, ambao leo hakuna mtu wa Bukavu asiyedai kwamba ni wake tangu Adamu, hawakuwamo katika ziwa Kivu wakati wa babu zetu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika, ambako wanaitwa ndagala, mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi tusitafute dhambi ndani ya asili ya chakula.

Tulifika mahali penyewe, nyumba ndogo yenye meza sita karibu na ziwa. Kileo hakikuwamo mezani, hilo tuliliangalia kwanza, sisi ni mashemasi. Walileta sambaza wa kukaanga, viazi, lengalenga, fufu kidogo, na Fanta. Yule mama alikula polepole. Alitueleza jinsi wavuvi wanavyofunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanashusha wavu katikati, na taa zinawavuta samaki usiku. Tena kwamba wakati wa mwezi mpevu taa hazina nguvu, samaki wanakuwa wachache, na bei inapanda. Alimwuliza binti aliyetuhudumia kama mafuta ni ya leo. Binti akacheka, akasema ni ya leo. Mume alimwondolea mke wake mifupa ya samaki mkubwa tulioletewa baadaye, akaiweka pembeni ya sahani yake mwenyewe. Hawakupiga kelele. Walizungumza juu ya watoto, juu ya deni moja la kitenge, juu ya mgonjwa aliyekufa juma lile ambaye mume alikuwa amemzoea. Kwa muda tulisahau kwamba tumetumwa.

Hesabu ilipoletwa tuliitazama. Haikuwa ndogo. Lakini ilikuwa chini ya kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa amechanga mwezi ule kwa ajili ya sare za harusi moja, vitenge vya rangi moja ambavyo vimevaliwa siku moja na sasa vimekunjwa sandukuni. Kwa habari ya sare zile hakuna aliyekuja kwa mashemasi kunung'unika. Watu walisema tu kwamba harusi ilipendeza.

Wapendwa, hapo ndipo tulipoanza kujishuku. Neno lililosemwa sana juu ya jamaa hii lilikuwa: «fedha hiyo ingeweza kusaidia maskini.» Neno hilo ni zuri. Lakini katika Injili (Yohana 12:4-6) mtu aliyelisema kwa sauti kuliko wengine, siku Maria alipopaka miguu ya Bwana marhamu ya bei kubwa, alikuwa Yuda, mwenye kushika mfuko. Hatusemi kwamba kila anayewakumbuka maskini ni Yuda, Mungu atukinge. Tunasema kwamba neno hilo linaweza kukaa katika kinywa kisichowapenda maskini wala mwenye marhamu. Tukajiuliza: ikiwa fedha si sababu, ni nini kilichotuchoma?

Tulirudi kwa wenzetu. Katika mkutano wa mashemasi tuliuliza swali moja tu, kila mmoja ajibu kwa zamu: ni lini mara ya mwisho mke wako alikula chakula ambacho hakukipika yeye mwenyewe?

Kimya kilikuwa kirefu. Mmoja akasema: kwenye matanga ya shangazi yake. Lakini mwingine akamkumbusha kwamba hata kwenye matanga yale mama huyo alikuwa jikoni tangu asubuhi. Mwingine akasema: alipojifungua mtoto wa mwisho, dada yake alimpikia siku tatu. Mtoto huyo yuko sasa darasa la nne. Mwingine akasema: alipolazwa hospitali. Mwingine hakukumbuka kabisa, akainamisha kichwa. Na sisi tuliouliza tulikuwa katika hesabu hiyohiyo, tusijitoe.

Ndugu, tuseme ukweli. Wanaume wetu wengi wanakula nje ya nyumba. Wako katika malewa mchana, wako kwenye brosheti jioni pamoja na wenzao, na wasiofuata amri ya kanisa wako na chupa pia. Hakuna aliyeleta mashtaka juu yao kwa sababu ya kula; kama yapo, ni juu ya chupa. Jamaa hii ililetwa mbele ya baraza kwa sababu mwanamke alikuwa ameketi. Alikuwa ameketi, na mtu mwingine alikuwa akimletea sahani, na alikuwa na maoni juu ya chumvi. Jambo hilo hatukuweza kulitamka, tukalivika nguo ya maskini.

Wazee wa Kivu wanakumbuka bado miiko ya zamani: mwanamke asile kuku, asile mayai, pengine asile mbuzi. Tulifundishwa kwamba Injili imefuta miiko hiyo, na tunashangilia. Lakini twende jikoni kwetu tutazame. Kuku anapochinjwa, kifua na paja vinakwenda katika sahani ya baba. Watoto wanapata mabawa na shingo. Mama anakung'uta sufuria, anakula fufu na mchuzi, anasema ameshiba kwa harufu ya kupika. Hakuna mwiko tena, lakini sahani haijabadilika. Tena baba anakula sebuleni peke yake au na mgeni, mama anakula jikoni na watoto, na kati yao kuna ukuta. Wako watu wa ndoa ya miaka ishirini ambao hawajawahi kuangaliana wakiwa wanatafuna.

Mtu atatuuliza: basi mnasema kila mtu aende restora? Hapana. Wengi hawana hata ya unga. Wala hatusemi kwamba jamaa hii haikuwa na kosa. Kosa tulilipata, lakini si mahali tulipotumwa kulitafuta.

Katika uwanja wao kuna jirani yao, mama mjane, mwenye umri mkubwa, anayeuza makala kwa vijungu vidogo mbele ya mlango. Tulimwuliza naye juu ya jambo hili, tukidhani atawashtaki kwa nguvu. Alijibu hivi: «Kula kwao hakuniumizi. Kila mtu ana kinywa chake. Lakini siku ya posho wanapita hapa wamevaa vizuri, nami ninawasalimu, wananijibu huku wakitembea. Siku nyingine zote wanasimama.»

Neno hilo lilituingia. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho (1 Wakorintho 11:20-22) hakuwakemea kwa sababu ya kula vizuri. Aliwakemea kwa sababu walipokusanyika kila mmoja alitangulia kula chake, wengine wakakaa na njaa, na wale wasio na kitu wakatahayarika. Na yule tajiri wa Injili (Luka 16:19-31), tunapomhubiri kwa kawaida tunasimama juu ya nguo zake na karamu zake za kila siku. Lakini someni tena. Alipokuwa katika mateso aliomba Lazaro atumwe kwake, akamtaja kwa jina. Alimjua! Miaka yote alipita mlangoni akijua huyu ni Lazaro. Hilo kwetu ni zito kuliko karamu.

Tulirudi kwa jamaa hiyo tukawaambia neno la mjane. Mume alitaka kujitetea. Alisema kwamba chakula chao cha restora kinalisha watu wengi: binti anayehudumu, mpishi, mama anayenunua sambaza ufukweni asubuhi, mwenye makala, motari anayewarudisha usiku. Hilo ni kweli, na wenye kudharau restora wanalisahau. Tumewaona akina mama wale wakingoja mitumbwi kabla jua halijatoka, na siku ambayo restora hazinunui wanarudi na beseni zimejaa. Lakini hata yule tajiri angeweza kusema kwamba aliwalipa wapishi wake na washona nguo zake. Mlangoni hapo makombo ya meza yalikuwa bado yanatafutwa na mtu mwenye vidonda. Kazi tunazowapa watu walio mbali hazilipi salamu ya jirani.

Mke alikaa kimya muda mrefu kuliko mume. Halafu alituambia neno ambalo mpaka leo tunaligeuza moyoni. «Papa Shemasi, nilipita haraka kwa sababu nilikuwa na haya. Ninajua hana kitu. Nikisimama ataona viatu vyangu. Sasa mkiniambia nimchukue restora, nitamchukua. Lakini je, nitakuwa nimempenda, au nitakuwa nimelipa faini yenu ili niendelee kula kwa amani?»

Hatukumpa jibu. Tulijua majibu mawili au matatu ya mahubiri, lakini tuliona kwamba yeye ameuliza vizuri kuliko tulivyoweza kujibu. Wako wanaotoa sadaka kwa maskini kama vile mtu anavyolipa kizuizi barabarani, apite. Na wako wanaokataa kutoa kwa kuogopa kuonekana wanafiki, na maskini anabaki na njaa huku wao wakiutunza unyofu wao. Sisi tunafikiri, kama tungelazimishwa kuchagua, ni afadhali kutoa kwa moyo uliochanganyika kuliko kungoja moyo safi, maana njaa haingoji. Lakini tunakiri kwamba hatukumwambia hivyo siku ile.

Siku ya posho moja, bila kutumwa na mtu, alimchukua yule mjane. Habari tulipata kwa mjane mwenyewe, ambaye aliieleza kanisani kwa akina mama mpaka wakacheka. Alisema viti vilikuwa vizuri, lakini sambaza hawakuwa na ladha ya moshi, na fufu ilikuwa ndogo kama ya mtoto. Tena alishangaa mtu kulipa fedha yote hiyo na bado kunawa mikono yake mwenyewe. Hakuomba kurudi. Lakini aliuliza daftari lile, na kwa kuwa hajui kusoma, alimwambia mama aandike maneno yake pia. Yakaandikwa.

Mambo hayo yalikuwa kabla ya mji wetu kupatwa. Februari 2025 vita ilipofika Bukavu, benki zilifunga milango, mishahara ikawa shida, watu wengi walilala na woga na kuamka bila kitu. Ile nyumba ya meza sita ilifungwa. Wako waliosema kwa sauti ya chini kwamba sasa jamaa ile imepata fundisho. Sisi hatukufurahia. Binti yule aliyecheka juu ya mafuta alibaki bila kazi, na hatujui alikokwenda.

Wengine waliuliza pia: je, wakati wa msiba, ni halali mtu kutafuta ladha? Tungejibu kwa kuwaelekeza ufukweni mwa ziwa lingine. Baada ya msalaba, wanafunzi wakiwa wamevunjika mioyo na wamevua usiku kucha bila kupata samaki, walipofika nchi kavu walikuta moto wa makala, samaki juu yake, na mkate (Yohana 21:9-12). Bwana mwenyewe alikuwa amepika. Aliwaita waje wale, na ndipo baada ya kula alipomwuliza Petro maswali magumu. Tunamhubiri sana Petro katika sura ile. Moto wa makala tunaupita.

Wapendwa wengi wameuliza jamaa hiyo inafanya nini siku hizi. Restora hawaendi, hakuna ya kuendea. Siku ya posho jioni mume anapika. Tuseme wazi kwamba hajui kupika vizuri. Anaunguza vitunguu, na watoto wanamcheka. Mke ameketi. Meza ni moja, sebuleni, watoto wako hapo, na mara nyingi mjane wa makala yuko hapo pia, maana moto ni wake, anawakopesha makala na analipwa kwa sahani. Tulipita huko mwezi uliopita kwa ajili ya maombi, tukaombwa tukae. Kabla hatujaondoka mama alileta lile daftari. Karatasi zake zimekwisha karibu zote. Aliandika tarehe, halafu: kwetu, sambaza wa baba, mafuta yamezidi, chumvi inatosha. Mjane akamwambia aongeze kwamba moshi ulikuwapo.